Pete Tatu za Mnyororo

Mwizi mwenye akili zake huiba kitu kinachoingia mfukoni. Aliyeibia kambi ya Seilkhan alibeba sufuria la chuma la kutosha kupika kondoo mzima, akaiacha saa ya mkononi ikining'inia kwenye tawi la mwerebi, hatua mbili tu pembeni. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Meja Tokzhan Esenova alipotoka hemani saa moja asubuhi, nywele timtim, buti moja mguuni na nyingine mkononi.

"Umelala kama umelipwa, Afande," shoga yake Raikhan alimwambia. "Wenzio tumeibiwa."

Tokzhan alikuwa likizo. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa amekimbizana na wezi wa farasi na waghushi wa hati katika bonde lote lile, na siku tatu za kila Septemba, kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, zilikuwa zake mwenyewe: Ijumaa mpaka Jumapili, ukingoni mwa mto Karatal, yeye na wenzake wanne aliosoma nao darasa moja, bila waume, bila wake, bila wajukuu. Sharti lao lilikuwa moja tu, kwamba kazi ya mtu ibaki nyumbani. Basi sharti lilivunjika kabla hajavaa buti ya pili.

Seilkhan alikuwa amekaa karibu na moto, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Ni pande la mtu, dereva wa lori la mavuno aliyestaafu, na kwa kawaida sauti yake huwarusha bata ng'ambo ya mto. Asubuhi hiyo alizungumza polepole.

"Tokzhan, nataka jina. Kabla ya saa sita. Saa sita Maulen anakuja kulichukua sufuria, na nimeshampa neno langu."

"Jina ukishalipata utalifanyia nini?"

"Nitampa mkono wa kwaheri huyo mtu, na nyinyi wote pamoja naye. Miaka ishirini na sita nimekula sahani moja na mwizi, halafu niondoke hapa nikiwakumbatia? Haiwezekani."

Tokzhan alijua uchungu huo umetoka wapi. Jana jioni, baada ya mkate na soseji ya farasi, Seilkhan alikuwa amewatolea habari yake. Anahamia Astana kwa mwanawe, ghorofa ya tisa. Mtu haendi ghorofa ya tisa na sufuria la namna ile, kwa hiyo amempa shemeji yake Maulen, mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa Balkhash. Na Septemba ijayo? Seilkhan alipandisha mabega. Astana ni mbali, akasema, na sufuria likienda, mkutano nao umekwisha. Raikhan alilia waziwazi. Ogai alimega mkate asiule. Orynbai alianza mzaha akaukatisha njiani. Ili kuwachangamsha, Seilkhan akawasimulia tena kisa cha mtoto wa dada yake, yule aliyemchukulia mbwa wa kuwindia, kisha tandiko la farasi. "Nikanyamaza," alisema. "Mpwa ana haki yake ya kuchukua kwa mjomba, mara tatu, na mjomba hafungui mdomo." Walicheka kidogo, wakaenda kulala.

Sasa hata kwaheri yenyewe ilikuwa inaharibika. Tokzhan aliwapenda watu hawa wanne kuliko baadhi ya ndugu zake wa damu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliogopa kumpata mwizi.

"Asiguse mtu kitu," alisema. "Kila mmoja abaki pale alipo mpaka nimwite."

"Mimi nimechuchumaa hapa motoni toka alfajiri," alisema Orynbai, daktari wa meno, mfupi, mwenye masharubu yanayocheka kabla yake. "Nitakwenda wapi? Shika chai."

Alianza na barabara. Njia ya gari kufika pale ni moja tu, katikati ya matete, na alama za matairi zilikuwa za Ijumaa, zimekauka pembeni. Buibui alikuwa ametanda uzi wake kutoka nyasi za upande huu mpaka za upande ule, na umande uliokuwa juu ya uzi haujaguswa. Hakuna gari lililopita, wala farasi, wala mtu mwenye mzigo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Tokzhan hakuufurahia usemi huo hata kidogo. Sufuria lilikuwa bado kambini.

Akaenda pale lilipokuwa. Walikuwa wameliosha jana, wakalipindua kando ya gari la Seilkhan. Duara lake lilikuwa mchangani, safi kabisa. Mfuniko wake wa chuma haukuwepo. Upawa wa mbao, wenye mpini mrefu kama mkono wa mtu, ulikuwa umeachwa juu ya jiwe, umeinamishwa ili umande usiingie ndani. Tokzhan aliutazama upawa ule kwa muda, akautia akilini.

"Raikhan, njoo. Uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Nani alikuwa macho?"

"Seilkhan alikuwa anakoroma. Wewe ulikuwa unakoroma pia, ila kwa adabu. Ogai sikumwona. Orynbai alikuwa ameshachemsha chai."

"Orynbai? Huyu tunayemwamshaga kwa maji ya mto?"

"Hata mimi nilistaajabu. Nikadhani ni huzuni, maana huzuni hainyimi mtu kitanda, inamnyima usingizi. Afande, usimshike mtu. Tafuta sufuria tu, mwizi mwache."

"Moja halipatikani bila mwingine, shoga."

Kulikuwa na alama nyingine mchangani, pana, imeburuzwa kuelekea majini. Kitu kizito kimevutwa hapo baada ya umande kushuka. Tokzhan aliifuata mpaka kwenye boti ya mpira ya Gennadi Ogai, Mkorea wa mji wa Ushtobe, mkulima wa vitunguu na mtu mkimya ambaye hajawahi kukiri kushindwa na samaki.

"Ogai, boti yako ina maji ndani."

"Boti ni ya mtoni, Afande. Ulitaka iwe na nini?"

"Jana ulipoipindua ikauke nilikuwa nimesimama pale. Alfajiri umeivuta ukaingia mtoni. Ulibeba nini?"

Ogai alimtazama Raikhan, ambaye alikuwa amesimama mbali kidogo akijifanya anachana nywele.

"Lazima nijibu mbele yake?"

Wakasogea nyuma ya matete. Huko Ogai alikunja kofia yake mara mbili kabla hajasema.

"Nilivuka kwenda kwa wavuvi wa kijiji. Siku mbili sijapata hata kidagaa. Yeye, ambaye ameshika mshipi mara nne tangu azaliwe, amevua samaki sazan wa kilo tisa, halafu ananiuliza kama nataka afunge chambo changu. Nimenunua samaki wawili. Nimewazamisha hapa, kwenye mfuko. Nilipanga saa nne nipige kelele kwamba wamenasa."

Akaupandisha mfuko. Walikuwemo wawili, wazima, wakipiga mikia. Tokzhan aliuma midomo asicheke.

"Sawa. Na sazan wa Raikhan yuko wapi?"

Wote wawili wakatazama kigingi. Kamba iliyokuwa imemfunga yule samaki mkubwa majini haikukatwa wala kung'olewa. Ilikuwa imefunguliwa, ikakunjwa vizuri, ikatundikwa juu ya kigingi ikauke.

"Siyo mimi," alisema Ogai haraka.

"Najua. Ungekuwa umemchukua huyo, usingenunua hao."

"Basi na vitunguu vyangu pia," alisema Ogai, sasa akikasirika kwa kweli. "Asubuhi nimeukuta mfuko umelegea nikadhani ni panya. Vimepungua kumi, vikubwa vikubwa. Mwizi gani huyu asiyeheshimu hata kitunguu?"

Tokzhan aliketi juu ya gogo na chai yake iliyopoa, akaanza kupanga. Sufuria, mfuniko, samaki, vitunguu. Mwizi wa kwenda kuuza angechukua upawa akaacha vitunguu. Huyu amefanya kinyume. Ameikunja kamba kama mtu atakayeihitaji tena kesho. Na amechukua mfuniko. Mtu wa namna hiyo haibi, mtu wa namna hiyo anapika. Siri ya mtungi aijuaye kata, alijisemea akiutazama ule upawa juu ya jiwe. Lakini apike wapi? Ukingo wote wa Karatal, juu na chini mpaka macho yanapokomea, ulikuwa na moshi mmoja tu, na moshi huo ulikuwa wa kwao.

Aligeuza shingo polepole.

Juu ya moto wao kulisimama miti mitatu iliyofungwa kileleni, na katikati yake unashuka mnyororo wenye ndoano ya kutundikia birika. Miaka mingi iliyopita Seilkhan alifunga uzi mwekundu kwenye pete moja ya mnyororo ule, ili watu waache kubishana birika likae wapi. Ukilitundika juu zaidi chai inachelewa, ukilitundika chini linajaa majivu. Jana Tokzhan mwenyewe alilitundika kwenye uzi mwekundu. Leo ndoano ilikuwa juu ya uzi huo. Alihesabu, akarudia kuhesabu. Pete tatu.

Miti haikuwa imerefuka. Basi ni ardhi iliyopanda.

Akainuka, akapita kando ya gari kama mtu anayenyoosha miguu, akaangalia koleo la Seilkhan. Jana lilikuwa na tope la kuchimbia minyoo. Sasa bapa lake lilikuwa jeupe, limeoshwa, bado lina matone. Mchanga wa ukingo ule kila mtu anaujua: ukichimba zaidi ya goti, maji yanakuibukia. Mwenye kufukia kitu kikubwa hapo hawezi kwenda chini, atabaki juujuu, na kilima kitamsaliti.

"Ogai, Raikhan," aliita. "Nendeni mkakague matete ya upande wa chini. Seilkhan, nenda nao, wewe una macho ya mbali."

Walipokwisha kuondoka, alichuchumaa motoni.

"Daktari, ongeza kuni."

"Moto unatosha."

"Basi nauchokonoa kidogo."

"Uache, Tokzhan." Orynbai alimshika mkono, kisha akauachia. Akafuata macho yake mpaka kwenye mnyororo. Masharubu yakashuka, halafu yakapanda. "Uzi mwekundu," alisema. "Nimekumbuka mfuniko, nimekumbuka magunia ya kulowesha, nimeosha hadi koleo. Uzi mwekundu nimeusahau."

"Sazan yuko humo?"

"Yumo. Vitunguu chini, mafuta ya mkia wa kondoo juu, mfuniko, magunia, mchanga, kisha moto. Marehemu mama alikuwa akipika hivyo shambani wakati wa mavuno, ili watu wasijue kuna chakula wakaacha kazi."

"Seilkhan ameshataja mwizi, Orynbai. Mbele ya watu."

"Nilisikia. Nilikuwa hapa hapa, nammiminia chai." Alilinyoosha birika kwenye ndoano kwa mkono ule uliong'oa meno ya nusu ya Ushtobe. "Mama yangu alikuwa nani, Afande?"

"Ulbosyn. Wa kijiji cha kina Seilkhan. Ukoo mmoja na baba yake."

"Toka darasa la kwanza namwita mjomba, nyinyi mnacheka, na mimi nacheka, maana amenizidi miezi miwili tu. Lakini kwa mila, watu wote wa ukoo wa mama ni wajomba, basi ni mjomba wangu kweli. Wajomba wa wenzangu wamechukuliwa farasi, bunduki, mbwa. Mimi kwa watu wa mama sijawahi kuchukua hata kiboko. Jana alipotaja mara tatu za mpwa, nikajihesabia. Nina zote tatu."

"Kwa nini hukumwomba tu?"

"Angesema neno limeshamtoka kwa Maulen, na ni kweli limemtoka. Mpwa haombi. Anachukua, na kilichochukuliwa na mpwa kimechukuliwa." Akatupa kijiti motoni. "Akikataa, basi siyo Astana itakayomtoa kwetu. Nitakuwa nimemtoa mimi. Toka alfajiri nawaza hilo tu, chai yenyewe sijaionja."

Tokzhan alimmiminia, akamsubiri mpaka amekunywa.

"Anaiva saa ngapi?"

"Saa sita."

"Basi uko chini ya ulinzi. Usiache moto uzimike."

Saa nne Ogai alipiga kelele kwamba wamenasa, wawili kwa mpigo, na Tokzhan alikuwa wa kwanza kumpongeza. Seilkhan hakuinua hata kichwa. Kila baada ya muda alikwenda kuitazama saa yake pale kwenye tawi, kisha anarudi kwenye ndoo yake. Alionekana mzee kuliko jana, na Tokzhan alitamani kumwambia ukweli, lakini alihitaji shahidi mmoja ambaye alikuwa bado njiani.

Maulen alifika na gari dogo la mizigo, kofia kisogoni, mkononi tikiti maji la kuwaletea. Aliwasalimu wote kwa mikono miwili, kisha akamtazama shemeji yake, akaona hali si hali.

"Kabla hujakaa, Maulen," Tokzhan alisema, "nina swali la kikazi. Mtu ana kitu chake. Amemwahidi fulani. Kabla fulani hajaja kukichukua, anakuja mpwa wa mwenye kitu, anakibeba. Kitu ni cha nani?"

"Cha mpwa," alijibu Maulen. "Hilo nalo ni la kuuliza? Mimi nilimchukulia mjomba wangu farasi aliyeshamwahidi baba mkwe wake. Mkwe mwenyewe alikuja kunipongeza."

"Na huyo fulani hana la kudai?"

"Adai nini? Haki ya mpwa ilikuwepo kabla ya ahadi. Ila angalau wamlishe, amekuja kutoka mbali."

Seilkhan alikuwa amegeuka. "Mbona unauliza mambo ya wapwa? Mpwa wangu yuko Karaganda, na mguu umevunjika."

"Mmoja yuko Karaganda," alisema Tokzhan. "Uliniomba jina kabla ya saa sita, na bado dakika nne. Jina lenyewe ni Orynbai, mwana wa Ulbosyn."

Raikhan alishika mdomo. Ogai akavua kofia, hajui kwa nini. Seilkhan alisimama, akaenda mpaka motoni, akasimama mbele ya Orynbai, na tofauti ya kimo kati yao ilikuwa kichwa kizima na mabega.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mjomba."

"Asubuhi nimekuita mwizi."

"Ulisema mwizi. Jina langu hukulitaja. Kwa hiyo sijasikia kitu."

"Liko wapi?"

Orynbai aliondoa birika, akashika koleo, akausukuma moto pembeni. Majivu, kisha mchanga uliogeuka mweusi, kisha magunia yaliyokauka yakawa karatasi. Chuma kikagonga chuma. Ogai akamsaidia kuinua mfuniko kwa vijiti viwili, na mvuke ukapanda mpaka juu ya mierebi, mvuke wa vitunguu na mafuta na samaki wa mtoni aliyelala tumbo juu, ngozi yake ikiwa ya rangi ya asali.

Seilkhan alitazama ndani ya sufuria. Akageuka akaitazama ndoo aliyoikalia.

"Asubuhi nzima," alisema, "nimekaa hapa naota moto juu ya sufuria langu, nalililia sufuria langu."

Kisha akacheka. Bata wa ng'ambo waliruka wote. Alicheka akamshika Orynbai kwapani, akamwinua miguu ikaning'inia, na Raikhan akaanza kulia tena, safari hii kwa raha, na Maulen akalipasua tikiti lake kwa goti.

"Moja," alisema Seilkhan alipomshusha, akakunja kidole. "Umebakiwa na mbili. Unataka nini tena kwangu, mla-wajomba wewe?"

"Septemba ijayo usipokuja, nitapanda hadi ghorofa ya tisa nikuchukue wewe. Hiyo ya pili. Ya tatu naiweka, kwa siku utakayosema umezeeka."

Seilkhan alifungua mdomo, akakumbuka kwamba mjomba hafungui mdomo, akaufunga. Alilia, na hakujificha.

Wakakaa. Raikhan alimtazama Ogai kwa upole mwingi. "Samaki wako ni wazuri sana, Ogai. Ila wana alama za wavu shingoni." Ogai akasema huenda walikuwa na maisha magumu kabla hajawavua, na hilo likawatosha kucheka mpaka chai ya pili.

"Kitu kimoja, mpwa wangu," alisema Seilkhan, akiwa ameushika upawa, tayari kupakua. "Ulichukua mfuniko, ukachukua na samaki wa mwenzio. Huu kwa nini uliuacha?"

"Huo unaingia kwenye lifti," alijibu Orynbai. "Sufuria nitakaa nalo mimi, upawa uende nao Astana. Sasa tuone nani atakula bila mwenzake."

Walipomaliza, Raikhan alinyoosha mkono apewe upawa akauoshe mtoni pamoja na sahani. Seilkhan alikataa. Aliuosha mwenyewe, akaufuta kwa shati lake, akauweka ndani ya koti, mpini ukitokeza karibu na sikio, akavunja kambi hivyo hivyo, akaendesha gari hivyo hivyo mpaka nyumbani.